Maswali ya Wasomaji: Mungu, Ubongo na Akili ya Anayeamini

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, na nimelelewa katika nyumba ya watu wa ibada. Katika kipindi cha mfumo wa neva, mkufunzi wetu alitueleza kwamba wanasayansi wameshaipata sehemu ya ubongo inayozalisha hisia za dini, kwamba wako wagonjwa wa kifafa wanaoona malaika, na kwamba huko Canada alikuwepo mtafiti aliyetengeneza kofia yenye sumaku ambayo mtu akiivaa humhisi Mungu. Alimalizia kwa kusema kwamba mtu aliyeyasoma haya, kisha akaendelea kusali, anajidanganya kwa makusudi. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao, lakini tangu siku hiyo nikipiga magoti najiona kama ninazungumza na ubongo wangu mwenyewe. Je, bado naweza kuamini nikiwa mtu wa akili timamu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkufunzi wako amewapa mambo mawili kwa mkupuo mmoja: habari za maabara, na hitimisho lake mwenyewe. Habari hizo zina ukweli ndani yake, ingawa moja imekuzwa kuliko inavyostahili. Hitimisho ndilo lisilotokana nazo. Nitaanza na habari, kwa kuwa mtu asipozijua jinsi zilivyopatikana atabaki kutishwa na vivuli vyake.

Kofia uliyoitaja ilikuwa ya Michael Persinger, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Laurentian katika mji wa Sudbury, aliyeanza majaribio ya aina hiyo katika miaka ya 1980. Mtu alikalishwa peke yake katika chumba tulivu, macho yamefunikwa, na koili ndogo zilizopachikwa ndani ya kofia zikapitisha nguvu dhaifu sana ya sumaku kwenye sehemu za ubongo zilizo usawa wa masikio. Wengi walisema walihisi kama kuna mtu kando yao. Mwaka 2005, kundi la watafiti wa Uswidi likiongozwa na Pehr Granqvist wa Chuo Kikuu cha Uppsala lilichapisha matokeo ya kulirudia jaribio hilo chini ya sharti gumu zaidi, yaani aliyevaa kofia na aliyemsimamia, wote wawili, hawakujua kama sumaku imewashwa au imezimwa. Sumaku haikuonekana kuleta tofauti yoyote. Kilichoweza kubashiri ni nani atahisi kitu kilikuwa tabia ya mtu mwenyewe, hasa wepesi wake wa kuathiriwa na yale anayoyatarajia. Persinger alipinga, akidai kwamba mitambo haikutumiwa ipasavyo. Naongeza kwa pembeni kwamba Richard Dawkins, mwanabiolojia wa Uingereza ambaye hakuna anayeweza kumshuku kwa upendeleo kwa dini, aliivaa kofia hiyo mwaka 2003 mbele ya kamera za BBC, na hakukutana na yeyote. Kama kuna hoja nzito dhidi ya imani, basi haipo kwenye kofia.

Utafiti ulio makini zaidi ulifanywa na Andrew Newberg, daktari wa Marekani, pamoja na wenzake, kwa Wabudha wa Tibet wenye uzoefu wa taamuli, yaani kutulia na kutafakari kwa kina, na baadaye kwa watawa wa Kifransisko. Namna kazi yenyewe ilivyofanyika inafaa kutazamwa kwa karibu. Mtu aliketi katika chumba chenye mwanga hafifu, mrija wa dripu umeshawekwa kwenye mshipa wa mkono, na kando yake kuna uzi. Alipoona kwamba taamuli yake inafika kilele, aliuvuta uzi huo; mtafiti aliyekuwa chumba cha pili akaingiza kwenye mrija dawa yenye mnururisho mdogo, ambayo hunasa ndani ya ubongo kwa kufuata mtiririko wa damu wa wakati ule, na baadaye mtu huyo akapelekwa kwenye mashine kupigwa picha. Picha zilionyesha kwamba shughuli imepungua katika sehemu ya nyuma ya utosi, ambayo kazi yake mojawapo ni kutusaidia kujua mwili wetu unaishia wapi na ulimwengu unaanzia wapi. Hilo linaafikiana na wanavyosema wenyewe, kwamba katika hali ile mpaka kati ya nafsi na yasiyo nafsi hufifia.

Kuhusu hiyo sehemu moja inayozalisha dini, haijapatikana. Mwaka 2006 huko Montreal, Mario Beauregard na Vincent Paquette waliwaingiza watawa 15 wa Karmeli katika mashine ya MRI. Watawa walieleza kwamba muungano na Mungu hauitwi kwa amri, hivyo wakaombwa kufumba macho na kuukumbuka ule waliowahi kuupata kwa kina kuliko yote. Zilizoamka ni sehemu nyingi za ubongo, zikiwemo zinazohusika na hisia, na kuutambua mwili, na taswira za macho. Tena usisahau kwamba MRI ya aina hiyo haipigi picha ya wazo. Inapima mabadiliko ya oksijeni katika damu, kisha kompyuta hupaka rangi pale ambapo hesabu za takwimu zimevuka kiwango fulani. Mwaka 2009, watafiti wa Marekani walimweka samaki aina ya samoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine hiyo, wakamwonyesha picha za watu na kumtaka aseme watu hao wana hisia gani. Hesabu zilipofanywa bila kusahihishwa ipasavyo, ubongo wa maiti ulionekana kufanya kazi. Hawakutaka kuwakejeli wenzao tu. Walitaka wasomaji wajue kwamba doa la rangi kwenye picha ni tokeo la uamuzi mwingi wa kitakwimu.

Kifafa ni habari ya kweli. Wako wagonjwa, wachache kati ya wote wenye kifafa cha sehemu ya ubongo iliyo kando ya masikio, ambao kifafa kinapowajia hupata furaha isiyoelezeka au hisia ya kuwa mbele ya kitu kitakatifu. Mwandishi Dostoevsky wa Urusi, aliyekuwa na kifafa, alizieleza dakika za namna hiyo. Lakini waamini walio wengi hawana kifafa, hawajaona malaika, wala hawajapata kilele chochote cha taamuli. Wanaamini kwa sababu wamefundishwa na watu wanaowaamini, kwa sababu ulimwengu unawaonekea kuwa na Muumba, au kwa sababu wamepima habari za kale wakaona zina uzito. Hoja inayomhusu mgonjwa mmoja wa kifafa haiwezi kubebeshwa watu hao wote bila kazi ya ziada, na kazi hiyo mkufunzi wako hakuifanya.

Sasa hitimisho. Tuseme kwamba siku moja sayansi itaweza kueleza, seli kwa seli, kinachotokea kichwani mwako unaposali. Je, itakuwa imeonyesha kwamba unachoamini si kweli? Unapofanya hesabu, sehemu fulani za ubongo, nazo ziko huko huko utosini, hufanya kazi kwa namna inayoweza kupimwa, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa sababu hiyo saba na tano hazifanyi kumi na mbili. Katika karne iliyopita, daktari wa upasuaji Wilder Penfield, akiwapasua wagonjwa wa kifafa huko Montreal wakiwa macho, aligusa ubongo kwa kijiti chenye umeme kidogo, na baadhi yao wakasikia muziki ukipigwa kana kwamba wako ukumbini. Penfield hakuhitimisha kwamba muziki haupo duniani. Kila tunachokijua tunakijua kwa ubongo, na kama kuonekana ndani ya ubongo ni doa, basi doa hilo liko juu ya kila elimu, pamoja na elimu ya neva aliyokuwa akiifundisha mkufunzi wako siku ile.

Kuna jaribio linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko maneno yangu. Mwaka 2009 Sam Harris, mpinzani wa dini anayejulikana sana, akishirikiana na wenzake, alichapisha utafiti uliolinganisha Wakristo 15 na watu 15 wasioamini, wakiwa ndani ya MRI, wakiulizwa sentensi za kidini na sentensi za mambo ya kawaida. Mtu alipokubali kwamba sentensi fulani ni kweli, sehemu ile ile ya mbele ya ubongo ndiyo iliyoamka zaidi, bila kujali kama sentensi ilimhusu Mungu au ilihusu jambo la kila siku, na bila kujali kama aliyekubali ni muumini au si muumini. Kutoamini nako kuna makao yake ndani ya fuvu. Mwanasaikolojia William James aliliona hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita, katika mihadhara yake ya Edinburgh ya 1901 na 1902, alipowacheka madaktari waliomaliza habari za Mtume Paulo kwa kusema alikuwa na kifafa, na habari za George Fox, mwanzilishi wa Wakweka, kwa kusema alikuwa na ugonjwa wa utumbo. Alisema kwamba tungeujua mwili vya kutosha tungeona ini likiamua maneno ya mkana Mungu kama linavyoamua maneno ya Mmethodisti, kwa hiyo ini halimsaidii yeyote kati yao kushinda ubishi.

Hata hivyo, mwanangu, usishangilie mapema. Iko hoja nyingine, na wengi wanaoijibu hoja dhaifu ya picha za ubongo hujifanya hawaioni. Hoja hiyo haisemi kwamba imani ina chanzo ndani ya ubongo. Inasema kwamba chanzo hicho hakina uhusiano na ukweli. Tuseme umeamini tangu utotoni kwamba babu wa babu yako alikuwa baharia, kisha ukagundua kwamba aliyekuambia alirusha sarafu hewani ili aamue akuambie baharia au mkulima. Hujathibitisha kwamba babu huyo hakuwa baharia, lakini umepoteza sababu ya kuamini kwamba alikuwa, na ukiendelea kushikilia bila ushahidi mpya utakuwa umekosa busara.

Wapo wataalamu wanaodai kwamba imani katika viumbe visivyoonekana ina asili inayofanana na hiyo. Stewart Guthrie, mwanaanthropolojia wa Marekani, na baada yake Justin Barrett na Pascal Boyer, walieleza kwa namna tofauti kwamba akili ya binadamu ina wepesi mkubwa wa kuhisi kuwa kuna mwenye nia nyuma ya matukio. Nyasi zikitikisika, anayedhani ni mnyama mkali na kukimbia, hata kama ni upepo, huishi kuliko anayedhani ni upepo siku ambayo kweli ni mnyama. Naye Deborah Kelemen aliwauliza watoto wadogo kwa nini mawe fulani yana ncha, na wengi wakapendelea jibu kwamba ni ili wanyama waweze kujikuna. Hapo basi, asema mwenye shaka, ndipo dini ilipotoka: kutoka kwa akili inayoona nia na makusudi hata pale yasipokuwepo, na ambayo ingetuletea miungu, iwe ipo au haipo.

Mimi naona hii ndiyo hoja pekee ya eneo hili inayostahili kumkosesha muumini usingizi kidogo. Lakini itazame vizuri. Ili ifanye kazi, inahitaji sentensi moja ambayo hakuna maabara iliyoitoa, yaani kwamba Mungu hana mkono katika jinsi akili zetu zilivyokuja kuwa hivi. Mwanafalsafa Alvin Plantinga amelisema kwa urefu: ikiwa Mungu yupo, inaelekea kwamba alitaka ajulikane na viumbe wake, na wepesi huo wa akili huenda ndio njia aliyoitumia; ikiwa hayupo, wepesi huo pengine ni ajali tu. Huwezi basi kuutangaza kuwa ni kasoro kabla hujaamua, kwa hoja nyingine kabisa, kwamba Mungu hayupo. Barrett mwenyewe ni Mkristo, Guthrie na Boyer wanaielezea dini bila kumhitaji Mungu, na data wanayoitumia kwa sehemu kubwa ni moja.

Jibu hilo la Plantinga ni ngao nzuri, ingawa wengine hulitumia kama mkuki. Linaonyesha kwamba imani haijaangushwa. Halionyeshi kwamba ni ya kweli, na anayeabudu roho za miti anaweza kulitamka neno kwa neno. Tena wepesi ule ule wa akili umewaletea binadamu Mungu mmoja, miungu wengi, mizimu na majini, mambo ambayo hayawezi yote kuwa kweli kwa pamoja, hivyo hata ukiwa umetoka kwa Mungu, hautoshi kumwambia mtu ni yapi kati ya hayo ayashike. Tatizo hilo la wingi wa dini ni zito kuliko picha yoyote ya ubongo, nalo lilikuwepo kabla umeme haujagunduliwa. Ukitaka kuijaribu imani yako kwa uaminifu, anzia huko, uiache ile kofia.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, unaweza, ikiwa una sababu nyingine za kuamini na uko tayari kuzipima. Ikiwa sababu yako pekee ni kwamba ukipiga magoti unahisi joto kifuani, basi mkufunzi wako, ingawa alikosea njia, amegusa mahali panapouma, na barua inayofuata inapagusa zaidi.

SWALI: Mpendwa Mhariri, mimi ni mfamasia na sina dini. Naona waandishi wa safu kama hii huruka jambo la dawa. Ukimpa mtu kemikali iliyomo katika aina fulani za uyoga, atapata maono yale yale wanayojivunia watakatifu. Pombe kupita kiasi huleta nyoka wasiokuwepo, na hakuna anayejenga hekalu la nyoka hao. Kwa nini maono ya dini yapewe heshima ambayo ya mlevi hayapewi?

JIBU: Nakushukuru kwa ukali wa swali, na sitaliruka. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1962, katika kanisa dogo la Chuo Kikuu cha Boston, daktari Walter Pahnke aliwagawa wanafunzi 20 wa theolojia katika makundi mawili: 10 walipewa silosibini, ambayo ndiyo kemikali ya uyoga unaousema, na 10 wakapewa asidi ya nikotini, ambayo huuwasha uso joto bila kubadili fahamu. Ibada ilisikika kwa vipaza sauti. Wengi wa waliopewa silosibini walieleza hali zinazofanana sana na za watakatifu wa vitabuni. Wa kundi la pili, karibu hawakuwa na la kueleza. Mwaka 2006 Roland Griffiths na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha jaribio lenye masharti makali zaidi kwa watu 36, na takriban theluthi mbili yao waliihesabu siku ile ya silosibini kuwa miongoni mwa mambo matano yenye maana kubwa kuliko yote maishani mwao. Ninakubali kwamba kama hali fulani inaweza kuletwa kwa kidonge, basi kupatwa na hali hiyo, peke yake, ni ushahidi hafifu kuliko wengi wanavyodhani.

Ila mfano wako wa mlevi una tundu. Mwanafalsafa Bertrand Russell aliutumia kabla yako, aliposema kwamba kwa jicho la sayansi haoni tofauti kati ya anayekula kidogo akaziona mbingu na anayekunywa sana akaona nyoka. Lakini tunajua nyoka wa mlevi hawapo kwa sababu tunaweza kuingia chumbani, kuinua godoro, na kuwauliza wenzake walio macho makavu. Ni ukaguzi huo, wala si habari ya pombe, unaotuambia kwamba ameona uongo. Pombe inaeleza tu kwa nini. Kwa Mungu hatuna godoro la kuinua. Jambo hilo linamnyima muumini uwezo wa kukuthibitishia alichokiona, nalo linakunyima wewe uwezo wa kukitangaza kuwa hakipo kwa kutaja kemikali tu. Mwanafalsafa C. D. Broad wa Cambridge, ambaye hakuwa mtu wa dini, alikwenda mbali zaidi, akasema kwamba kama kuna upande wa ukweli usiofikiwa na milango ya kawaida ya fahamu, pengine mtu anahitaji kuwa na ufa kidogo kichwani ili auchungulie. Sisemi ndivyo ilivyo, ila uwezekano huo haujafungwa na dripu wala kidonge.

Nikuongezee jambo ambalo wenzako wasioamini hulisahau. Watu wa dini wenyewe hawakuwahi kuyapa maono heshima ya bure unayoidhania. Waraka wa Kwanza wa Yohana unasema, “msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho.” Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania wa karne ya 16, aliwafundisha wanafunzi wake wasiyategemee maono hata yale yanayotoka kwa Mungu. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wa misingi ya sheria waliamua kwamba ilhamu ya mtu binafsi si hoja juu ya mwingine, hata awe mchamungu kiasi gani. Wote hao walijua, bila mashine, kwamba mtu mwaminifu kabisa anaweza kudanganyika kuhusu yanayotokea ndani yake.

SWALI: Ndugu mjibu, kwa nini unajitetea namna hiyo? Nimesoma kwamba mtu akisali, sehemu za ubongo zinazoamka ni zile zile za mazungumzo kati ya mtu na mtu. Je, huo si uthibitisho tosha kwamba Mungu alituumba tukiwa na chombo cha kuzungumza naye?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Utafiti unaousema ni wa Uffe Schjødt na wenzake wa Aarhus, Denmark, wa mwaka 2009, na matokeo yake ni kama ulivyosema: Wakristo waliosali kwa maneno yao wenyewe walitumia sehemu za ubongo ambazo sote huzitumia tunapoifikiria nia ya mtu mwingine. Kinachoonyeshwa na utafiti huo ni kwamba anayesali kwa dhati humchukulia Mungu kuwa ni mtu aliye hai mbele yake. Kama upande wa pili kuna anayesikiliza, mashine haina pa kulionea hilo, na ukiikataza isitumike kumkana Mungu, haki inakutaka usiitumie kumthibitisha.

Watafiti hao hao walichapisha baadaye jambo ambalo ningependa viongozi wa dini walisome. Waliwasikilizisha Wakristo wanaoamini karama ya uponyaji sauti za watu wakiomba, wakiambiwa kwamba baadhi ya waombaji hao wana karama hiyo. Walipodhani anayesema ni mwenye karama, shughuli katika sehemu za ubongo zinazohusika na uchunguzi na uamuzi ilipungua. Sauti zilikuwa za watu wa kawaida. Kilichotofautiana ni walichoambiwa. Imani haikuanguka hapo, lakini mtu mwenye busara akijua kwamba ukaguzi wake unalegea mbele ya sifa za msemaji, atayapima maneno hayo tena akiwa nyumbani.

SWALI: Mwalimu wangu, nakuandikia kama mama. Kijana wangu wa miaka kumi na tisa alikuwa akipatwa na vipindi vya dakika moja au mbili anaona nuru, anasikia furaha kubwa, na baada yake hakumbuki alipo. Daktari amesema ni kifafa na ameanza dawa. Vipindi vimekoma, lakini kijana ana huzuni, anasema mlango umefungwa. Baba yake anataka aache dawa, kwa hoja kwamba kama vipindi hivyo ni vya Mungu hatuna haki ya kuvizuia. Tufanyeje?

JIBU: Mama, la kwanza halina falsafa: asiache dawa. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla zinaweza kuleta degedege lisilokoma, na hilo huua. Kama baba yake ana shaka na utambuzi wa ugonjwa, njia ni kuomba daktari mwingine wa mishipa ya fahamu amchunguze, kijana akiwa bado anameza vidonge vyake kama alivyoandikiwa.

Kuhusu kama nuru ile ilitoka kwa Mungu, siwezi kumwamulia, ila naweza kusema ushahidi unaelekea wapi. Vipindi vifupi, vinavyofuatwa na kuchanganyikiwa, ambavyo vimekoma dawa ilipoanza kufanya kazi, ni alama za umeme wa ubongo uliokosa mpangilio. Kijana akikubali hivyo, atakuwa na busara, wala hatakuwa amemkana Mungu. Lakini yako mambo ambayo huenda aliyafikia kwa sababu ya nuru ile, tuseme amemsamehe mtu au ameacha maisha fulani, na hayo hayahitaji nuru ili yawe mema. Yanaweza kupimwa na kushikwa kwa uzito wake yenyewe. Baba yake naye akumbuke kwamba anayeamini Mungu aliuumba ubongo hana sababu ya kudhani kwamba Mungu huyo anapatikana tu pale ubongo unapougua.

Huzuni yake msiichukue kuwa ni ya kidini peke yake. Kifafa chenyewe, na baadhi ya dawa zake pia, vinaweza kuushusha moyo wa mtu hadi mahali pa hatari, na wakati mwingine kubadilishiwa dawa au kipimo hutosha kuleta nafuu. Mweleze daktari habari hiyo waziwazi katika miadi ijayo, na kama kijana ameanza kusema kwamba haoni sababu ya kuishi, usingoje miadi, mpeleke leo.